Siku Niliyoichomekea Ditekta Spika

Kosa langu lilikuwa kuvua hedfoni. Watu wa mtaani kwetu wana maelezo yao, wengine wanasema kosa langu ni ubishi, wengine uroho wa ardhi, mke wangu naye ana orodha ambayo mpaka leo hajaimaliza, lakini mimi niliyekuwa ndani ya kichwa changu asubuhi ile nawaambia ukweli: ningeyaacha yale madude masikioni, mlio ule ningeusikia peke yangu, ningekohoa kidogo, ningesema betri imekata, na leo ningekuwa bado mtu wa kusalimiwa kwa jina. Badala yake nilichomeka spika. Na haikuwa spika ya kuwekwa mezani, ilikuwa ile ya kusherehekea, ndefu mpaka kiunoni, ambayo mteja alikuwa ameniletea nimbadilishie waya.

Niseme kwanza mimi ni mtu wa aina gani, msije mkadhani natafuta kusifiwa. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nilimaliza kidato cha nne, nikajifunza kutengeneza feni na redio, nikafungua ofisi barazani kwangu huku Ilemela kwenye vilima vya mawe, na kutoka kitandani hadi ofisini ni hatua kumi na moja (nilizihesabu siku moja sina kazi). Nikiishiwa vifaa nateremka Mkuyuni, nanunua, narudi kabla chai haijapoa. Ziwa naliona kutoka kwenye kiti changu na linanitosha. Mama Neema, mke wangu, huwaambia wageni kwamba siku nikifa wasihangaike na jeneza, wanizike na kiti.

Jirani yetu wa upande wa juu ni Mama Kulwa, mjane mwenye mapacha ambao sasa wako shule ya bweni. Kati ya kwake na kwetu kuna mstari wa minyaa, na minyaa hiyo niliipanda mimi, miaka minane iliyopita, mwaka ule niliomjengea mke wangu jiko la nje. Kwenye karatasi za viwanja vyetu mpaka ni mstari ulionyooka kati ya bikoni mbili, yaani yale mawe ya zege yenye chuma katikati ambayo wapimaji huyafukia kwenye kona. Bikoni ya mbele, ya barabarani, kila mtu anaiona, watoto huikalia. Ya nyuma ilipotea. Nasema ilipotea kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nikisema, tena kwa sauti, kwenye vikao.

Nilipopanda minyaa ile Mama Kulwa alikuja akaniambia taratibu, Baba Neema, mbona kama mmesogea. Mume wake wakati huo alikuwa hai, lakini alikuwa visiwani kwenye dagaa na hakuonekana mara nyingi. Nilimwambia minyaa ni minyaa, haijui kusogea. Nilijiona mjanja sana. Kuanzia siku hiyo nikawa namtania kwa jina la Mama Mipaka, nikimwona anapita na ndoo namuuliza leo umepima wapi, na yeye hucheka kidogo ule mcheko wa mtu ambaye ana maji kichwani na hawezi kugeuka.

Mwaka jana mama yake mzazi, Bibi Kabula, alianza kuishiwa nguvu za miguu. Mama Kulwa akataka kumjengea chumba kimoja chenye choo chake ndani, maana bibi alikuwa akilala sebuleni na kwenda msalani nje kwenye mawe, akishikilia fimbo. Sehemu pekee isiyo na jiwe kwenye kiwanja chake ilikuwa huko nyuma, pembeni ya minyaa. Mafundi wakachimba msingi. Mimi kutoka kwenye kiti changu nikaona kamba ya fundi imegusa minyaa yangu, basi, nikafanya jambo ambalo sijawahi kulifanya kwa haraka namna ile tangu nizaliwe: nilinyanyuka, nikavaa viatu, nikaenda mwenyewe mpaka ofisi ya serikali ya mtaa kuweka pingamizi. Mwenyekiti akasimamisha ujenzi mpaka bikoni ya nyuma ijulikane ilipo. Afisa ardhi akaombwa. Tukamsubiri. Masika ikaanza ikaisha, msingi ukajaa maji, vyura wakahamia.

Bibi Kabula akaanguka kule msalani. Hakuvunjika, lakini mtoto wake wa kiume anayeishi Sengerema akasema imetosha, akaja kumchukua. Nilikuwa barazani siku anaondoka. Alikuwa anatembea bado, polepole, kwa fimbo, akasimama mbele ya ofisi yangu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, kisha akasema kwamba yeye kivuko cha Kamanga hakipendi, maji yale anayaogopa tangu msichana, na huko anakokwenda hamjui mtu. Nikamwambia bibi atazoea tu. Nikarudi kwenye feni yangu.

Sasa ditekta iliingiaje? Shemeji yangu Masanja, kaka yake Mama Neema, alikuwa amekwenda machimboni kutafuta dhahabu, akarudi na malaria na hiyo mashine, akaniachia niitunze mpaka apate nguvu. Mnaijua ilivyo, fimbo ndefu yenye sahani mwishoni, unaipitisha juu ya ardhi na ikikuta chuma inalia. Ilikuja kwenye begi lake na mazagazaga yote: koili mbili, yaani hizo sahani zenyewe, kubwa ya kushika vitu vya chini sana na ndogo ya kupenya kati ya mawe, hedfoni, mkanda wa begani, betri ya akiba, na kijiti kifupi cha kuchomeka shimoni kikuonyeshe kitu kiko upande gani. Masanja alikuwa ameitumia kama jembe, akaipitisha huku na huko kwa hasira, ndiyo maana haikumpa kitu. Mimi fundi nikaona aibu kwa niaba ya mashine. Nikakisoma kitabu chake wiki mbili.

Nikajifunza kwamba kabla ya kuanza unainua sahani na kuishusha mara kadhaa ili izoee ardhi ya mahali, hasa kwetu huku kwenye mawe. Kwamba haipelekwi mbio, inapelekwa kama mtu anayepiga deki, sahani ikikaribia ardhi bila kuigusa. Kwamba ukikaza sana ule usikivu wake inalia hata kwa jiwe. Kwamba ina kitufe cha kupuuza chuma, na Masanja alikuwa amekiwasha kwa sababu watu wa dhahabu hawataki misumari. Na kwamba unavua mkanda wa suruali wenye chuma na kuacha simu ndani, usije ukajitafuta mwenyewe. Nilifanya mazoezi sebuleni, nikampatia Mama Neema hereni yake iliyopotea chini ya kochi, na jioni hiyo nilikula samaki mzima peke yangu. Hiyo hereni ndiyo iliyonipoteza. Mtu akisifiwa mara moja katika miaka kumi na tisa ya ndoa, akili inamruka.

Nikamwambia Mwenyekiti asimsubiri tena afisa ardhi, bikoni ni chuma, mimi nitaipata, na kila mtu ataona kwa macho yake nani amemwingilia mwenzake. Nilikuwa na uhakika. Naomba mnielewe hapo, sikuwa nimepanga kumdhulumu mtu, mimi niliamini kabisa kwamba bikoni iko upande wa juu wa minyaa, ndani kwa Mama Kulwa, na kwamba nikiipata yeye ndiye atakayenyamaza. Mwenyekiti akasema sawa, tufanye Jumamosi baada ya usafi wa mtaa, watu watakuwa wamekusanyika tayari.

Ndivyo ilivyokuwa. Saa nne asubuhi watu kama arobaini wamesimama nyuma ya nyumba yangu na mafyekeo na majembe, wamechoka, wanataka burudani. Nimevaa mkanda wa begani, hedfoni shingoni, koili kubwa. Mzee mmoja akauliza kwa nyuma, sasa sisi tutajuaje imelia kama anasikiliza peke yake, si anaweza kutudanganya. Watu wakacheka. Hapo ndipo nilipojibu kwamba mimi sina cha kuficha, nikaingia barazani nikaikokota ile spika, nikachomoa waya wa hedfoni nikachomeka wa spika, nikafungua sauti mpaka karibu na mwisho. Mama Neema alikuwa mlangoni. Aliniambia kwa sauti ya chini, "Baba Neema, vaa vitu vyako masikioni." Nikadhani anaona haya ya kelele.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Nilianza upande wa Mama Kulwa, nikazima kile kitufe cha kupuuza chuma, nikapita pole pole, na kila mlio ulitoka na kitu: kizibo cha soda, msumari, mfuniko wa kopo la rangi, kijiko. Kila mara Mwenyekiti akichimba watu wanashangilia. Nikaanza kuwaeleza kama mwalimu, huu mlio mwembamba ni kitu kidogo cha juu juu, bikoni ikija mtasikia sauti nene, ya chini, inayokaa. Mama Kulwa alisimama kando ya msingi wake wenye vyura, mikono kifuani. Nikamtania, Mama Mipaka, leo ndiyo leo. Hakucheka hata ule mcheko wake.

Nikamaliza upande wake wote. Hakuna. Nikapita juu ya mstari wa minyaa wenyewe, shina kwa shina. Hakuna. Nikaanza kulaumu mawe. Ndipo Mwenyekiti akasema, bila ubaya wowote, "Basi pita na upande wako, tumalize haki."

Nikapita. Hatua moja ndani kutoka kwenye minyaa, kimya. Hatua ya pili, kimya. Nilipofika kwenye ukuta wa nyuma wa jiko la Mama Neema, spika ikatoa sauti nene, ya chini, inayokaa. Yaani vilevile nilivyokuwa nimewafundisha. Nikarudisha sahani, ikakata. Nikapeleka, ikalia. Ilisikika mpaka kwa wale wanaouza nyanya barabarani, najua kwa sababu walikuja.

Nikasema ni masufuria. Fundi hakosi sababu. Mwenyekiti akasema vizuri, tuyatoe. Na hapo, jamani, ndipo nilipoona jinsi mtu anavyoweza kuvuliwa nguo huku amevaa. Jiko la mke wangu likatolewa nje kitu kimoja kimoja mbele ya mtaa: majiko ya mkaa, chujio lililotoboka, sufuria zilizoungua ambazo hazijawahi kuonyeshwa mgeni, na chini kabisa sufuria kubwa ya pilau, na ubavuni mwake maandishi ya rangi nyekundu MAMA KULWA. Mnajua tunavyoandika majina kwenye vyombo vya kuazimana misibani. Hiyo ilitumika kwenye msiba wa mume wake mwenyewe, ikaja kwetu kuoshwa, na kwetu ikakaa. Mama Kulwa aliitazama, akatazama pembeni. Mama Neema akaingia ndani ya nyumba.

Jiko likabaki tupu. Nikapeleka sahani sakafuni, kwenye kona. Ikalia. Nikabadilisha koili nikaweka ndogo, nikapunguza usikivu, nikainua sahani na kuishusha mara nne izoee ardhi, nikafanya kila kilichoandikwa kwenye kitabu kile ili mashine ikosee. Ikalia palepale. Sijawahi kukitumia kifaa chochote vizuri namna ile maishani mwangu. Ikaletwa nyundo. Wakavunja sakafu, vipande vitatu tu, na mimi nikachomeka kile kijiti shimoni, nacho kikalia kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Chini yake kulikuwa na zege la mviringo, na katikati chuma, na kandokando namba. Mwenyekiti akaiomba karatasi ya Mama Kulwa, akaisoma namba, akaisoma ya kwenye zege, akanipa mimi nisome. Nilisoma. Nilimaliza kidato cha nne, sikuwa na pa kujificha.

Bado nilikuwa na neno moja. Nikasema, mimi hii kitu sikuijua, mafundi ndio waliojenga, mimi ningejuaje. Nikasema kwa nguvu, nikawageukia watu. Hapo Mama Neema akatoka ndani. Macho mekundu, lakini sauti yake ilikuwa kavu.

"Fundi alikuita," alisema. "Alikuita mara mbili. Alisema njoo uone hapa kuna jiwe lina chuma. Mpira ulikuwa dakika za mwisho. Ukajibu ukiwa kwenye kiti, mwaga zege juu."

Nilitaka kusema si kweli. Kisha ikanijia, yote, mchana ule: jasho la fundi mlangoni, koleo mkononi, na mimi nikimpungia mkono asinizibe televisheni. Nilikuwa nimesahau kabisa, naapa, na kusahau kwangu ndiko kulikonipa ule uhakika wote. Miaka minane nilimtania mwanamke kwa mpaka niliouzika mwenyewe bila kuinuka, na siku niliyoinuka nikaenda kuweka pingamizi. Hakuna aliyecheka. Watu arobaini wenye mafyekeo na hakuna aliyecheka, na spika ile ilikuwa bado inanguruma kwa sababu sahani ilikuwa imelala karibu na shimo na mimi nimesahau kuzima.

Mwenyekiti akafunga kamba kutoka bikoni ya barabarani hadi ile ya jikoni. Kamba ikapita katikati ya jiko, ikakata kona ya shimo letu la choo, ikaacha minyaa yangu yote upande wa Mama Kulwa. Akaniuliza kama nina pingamizi. Hilo neno alilichagua, ninamjua.

Jiko nililivunja mwenyewe, sikuita fundi, na nikang'oa minyaa shina kwa shina mpaka mikono ikaungua kwa utomvu wake. Mama Neema sasa anapika chini ya turubai na ananihudumia chakula bila maneno, jambo ambalo wanaume wengine wangelifurahia, mimi silifurahii. Sufuria aliirudisha yeye, kwa mkono wake, mchana kweupe, akarudi akalala mpaka magharibi. Spika nilimrudishia mteja wake. Ditekta nimeisafisha na kuirudisha kwenye begi lake, na Masanja alipokuja kuichukua akaniuliza kama imenipatia chochote, nikamwambia ndiyo. Nimejiapia kwamba mtu akiniita njoo uone, hata kama ni mara ya kumi siku hiyo, hata kama anataka kunionyesha kuku, nitasimama. Naona mnatabasamu, lakini nimekwishasimama mara nyingi, na mara nyingi kweli huwa ni kuku.

Chumba cha Bibi Kabula kimeisha mwezi uliopita. Wamemrudisha kutoka Sengerema, akateremshwa kwenye gari amebebwa na watu wawili, maana ile fimbo haishiki tena, mwaka mmoja wa kukaa kwenye kitanda cha ugenini umeimaliza miguu. Nilikwenda kumpokea. Nikainama nikamwamkia, shikamoo bibi. Alinitazama, akatazama mlango wa chumba chake kipya, wakampitisha. Hakuitikia. Watu wananiambia masikio yake yamechoka, na mimi nakubaliana nao haraka sana.

Siku mbili baadaye ditekta ilikuwa bado kwangu, Masanja hajaja kuichukua, nikaona nifanye la maana, nikaichukua, hedfoni masikioni safari hii, nikaenda hadi kwa Mama Kulwa. Alikuwa anaanika shuka za mama yake pale pale palipokuwa na minyaa yangu. Nikamwambia nimekuja kumpitishia mashine uani kote, nimtolee misumari na vipande vya bati walivyoacha mafundi, au kama kuna kitu kimempotea kwenye ujenzi nimtafutie, bure kabisa. Akamaliza kubana shuka yake. Nikavua hedfoni ili nimsikie.

"Hapa hakuna kilichopotea, Baba Neema," alisema. "Chetu tulijua kilipo siku zote. Wewe ndiye uliyekuwa umekikalia."